Mbu Ndani ya Mtungi

Zamani sikuipenda enanga ya babu yangu. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akadhani kwamba nilizaliwa na sikio jema.

Enanga ni gogo lililochongwa likawa bapa, lenye kina kidogo, mfano wa chano kirefu. Juu yake hupitishwa uzi mmoja mrefu wa kano za ng'ombe, ukienda na kurudi mpaka zipatikane nyuzi saba au nane. Mpigaji hukaa chini, huipakata magotini, na huimba huku akizigusa nyuzi kwa vidole. Sauti yake ni ndogo. Ukiwa mlangoni unaisikia nusu. Ukiwa nje uani husikii kitu, ila unaona watu ndani wametulia, ukajiuliza wametulizwa na nini.

Mimi nilikuwa mtoto wa uani. Nilipenda sauti zinazoingia kwa miguu, kama ngoma ya mavuno, ambayo unaisikia ardhini kabla haijafika masikioni. Babu aliponiita ndani nisikilize, nilikaa kwa sababu ya heshima, huku nikihesabu mijusi darini.

Nyimbo zake zote zilikuwa za ng'ombe. Alimwimba ng'ombe mmoja kwa pembe zake, kwa rangi yake, kwa namna alivyokwenda mtoni na kwa namna alivyokataa kukamuliwa na mtu asiyemjua. Nilikuwa nikimwuliza, "Babu, ng'ombe huyu yuko wapi?" Naye aligusa uzi akasema, "Yuko hapa." Nilidhani ananitania, maana zizi letu lilikuwa na mbuzi watatu tu.

Baadaye ndipo nilipoelezwa. Babu alikuwa mpigaji katika ikulu ya mfalme wetu, huko Bweranyange, siku za ujana wake. Kulikuwa na ngoma kubwa na pembe za kupuliza, lakini wapiga enanga walipoingia, vyote hivyo vilinyamazishwa. "Ngoma zililazwa chini," alikuwa akisema. "Hata mwenye kikohozi alitoka nje akakohoe migombani." Kisha ukaja ugonjwa wa sotoka ukamaliza ng'ombe, ng'ombe wa mfalme na wa watu. Ikaja njaa. Wakaja Wadachi. Ikulu ikapungua watu kama shamba linavyopungua majani kiangazi, na wapigaji wakatawanyika. Babu akarudi Nyakatuntu kwenye kibanja chake cha migomba, akawa anatupigia sisi na mbuzi wetu. Nje ya nyumba yake hakupiga tena.

Shangazi yangu, dada wa baba, aliolewa karibu na Bugene, na mimi nilikaa kwake nilipoanza shule. Yeye hakuivumilia enanga hata kidogo. Babu alipokuja kumtembelea na kuitoa kwenye mbugu yake, kitambaa cha gome la mti lililopondwa, shangazi alichukua kisu akaenda kukata majani makavu ya migomba, hata kama yalikwisha kukatwa jana. "Asiniimbie wafu," alisema. Nilidhani haipendi sauti ile kama mimi. Kumbe yeye, alipokuwa msichana, alikuwa akiwakamua ng'ombe wale. Mimi niliikimbia enanga kwa sababu haikuniambia kitu. Yeye aliikimbia kwa sababu ilimwambia kila kitu.

Shule yetu ilikuwa banda la nyasi. Mwalimu wetu alitoka upande wa Bukoba, akatufundisha herufi, hesabu na Kiswahili. Kila asubuhi alitaja maneno ya kwetu, akayaandika kwa Kiswahili nasi tukayanakili. Siku moja aliandika: *enanga*, na mbele yake, *kinanda*. Nililiandika neno lile mara kumi kwenye kibao changu, polepole, maana mkono wangu ni mzito. Nilifurahi. Niliona kana kwamba kitu cha babu kimepewa cheti cha kutembea mbali.

Neno hilo ndilo lililotuletea mambo yote.

Karibu na Bugene palikuwa na duka la mfanyabiashara aliyetoka Pwani kwa njia ya Tabora. Aliuza kaniki, chumvi, shanga na sindano, akanunua ngozi. Kinyambo chake, lugha yetu sisi, kilikuwa cha dukani tu, au ndivyo tulivyodhani sote: alijua kusalimu, kuhesabu, na kusema bei haipungui. Nilikuwa na haya sana. Nikitumwa sindano, nilikwenda dukani mara mbili nikarudi bila kusema, na mara ya tatu ndipo nilipoitaja. Lakini nilipenda kwenda, kwa sababu alasiri ya Alhamisi watu wake walipiga matari nyuma ya duka. Nilisimama kando ya gunia la chumvi, na kifua changu kilijaa.

Siku moja alikuwa akizungumza na karani wake habari za arusi ya binti yake. Akanigeukia ghafla.

"Wewe mwanafunzi. Huko kwenu hakuna mpiga kinanda?"

Sikuwahi kuulizwa jambo na mtu yule isipokuwa ninataka nini.

"Yupo," nikasema.

"Yupo nani?"

"Babu yangu."

Akaweka chini kipimo cha chumvi. "Babu yako? Alijifunza wapi mambo hayo?"

"Ikulu. Kwa mfalme."

Akamwangalia karani wake. "Inawezekana," akasema. "Wafalme wa huku walipewa zawadi nyingi na watu wetu zamani. Vinanda pia, kwa nini visiwepo." Akanirudia. "Mwambie aje. Zumari ninayo, mpigaji anatoka Tabora. Matari ninayo. Nimekosa kinanda tu, na arusi bila kinanda ni wali bila nazi."

Nilikwenda Nyakatuntu mwendo wa siku mbili, na njiani nililikariri neno hilo lisije likaniponyoka.

Babu alikuwa akimenya ndizi. Nikampa habari. Hakuinua uso.

"Watu wa Pwani wanaitaka enanga?"

"Wanaitaka, babu. Mwenyewe amesema, arusi bila enanga ni wali bila nazi."

"Nazi ni nini?"

"Sijui. Ni kitu cha kwao."

"Ni kitu kizuri?"

"Nadhani."

Akaendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha. Siku ya pili yake alikwenda kwa jirani aliyekuwa amechinja, akaomba kano, akazitafuna na kuzisokota mwenyewe, akabadilisha nyuzi zilizochakaa. Jioni akaniita.

"Nitakwenda," akasema. "Wakisikiliza, nitaipiga mpaka vidole vikatae. Wakicheka, nitaitundika juu ya moshi wa jikoni, na wewe usiniombe tena, wala baba yako asiniombe. Mtu hafukuzwi mara mbili."

Nikakubali. Sikuona hatari yoyote. Alikuwa ameitwa kwa jina.

Tulilala Kimuli kwa ndugu. Mimi niliibeba enanga kichwani ndani ya mbugu yake, na kila nilipojikwaa ilitoa mlio mdogo humo ndani. Babu alikuwa nyuma yangu akisema, "Usimwamshe." Vidole vyake vilitembea hewani njia nzima.

Tulipofika ukingo wa mlima juu ya Bugene tukaisikia arusi. Zumari ndiyo iliyotangulia. Babu akasimama akaegemea fimbo.

"Nani amembana mbuzi mlangoni?"

"Ni zumari, babu. Ni kitu cha kupuliza."

Akasikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama. "Hapana. Mbuzi hupumua," akasema. "Hiki hakipumui. Kitu kisichopumua kitakuambia nini?"

Alisema kweli, kama nilivyoona baadaye. Mpigaji yule alijaza mashavu yake upepo, akavuta pumzi kwa pua huku akipuliza kwa kinywa, na sauti haikukatika tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho. Watu wa Pwani walimsifu kwa jambo hilohilo.

Mwenye arusi, yule bwana wa duka, alitupokea uani, amevaa kanzu nyeupe.

"Shikamoo, mzee."

Babu hakujua jibu la Kiswahili, akamjibu kwa salamu ndefu ya kwetu, ya kuuliza habari za nyumba na za ng'ombe. Yule bwana akangoja mpaka salamu ikaisha, kisha akatazama mzigo wangu.

"Kinanda kimo humo?"

"Kimo," nikasema.

Nikaushusha, nikafungua mbugu.

Mwenye arusi akainama akaitazama. Wageni wakasogea. Mpiga zumari naye alikuwa amepumzika kidogo, akaja na chombo chake mkononi, mtu mwembamba mwenye mashavu yaliyolegea.

"Mwanangu," akasema mwenye arusi, "hiki ni hori la kulishia mbwa."

Watu wakacheka.

"Kinanda kina shingo," akasema, akinionyesha kwa mikono yake. "Kina tumbo. Mtu hukikumbatia, hivi. Hiki ni ubao umelala."

Masikio yangu yakawaka moto. Papo hapo nikaelewa. Mwalimu wangu na bwana huyu walikuwa na neno moja, lakini vitu viwili. Nimemtembeza mzee siku mbili juu ya neno.

Babu hakuelewa Kiswahili chetu. Aliona watu wamekusanyika wakicheka, akadhani ni furaha ya arusi na kwamba wanataka kusikia. Akainama, akagusa uzi mmoja kuona kama safari imeulegeza. Mwenye arusi akatega sikio karibu.

"Mbu ndani ya mtungi," akasema.

"Tena mbu mwenyewe ana homa," akasema mpiga zumari, na kicheko kikazidi.

"Anasema nini?" babu akaniuliza.

"Anasema sauti ni ndogo."

"Ni kweli," babu akasema. "Ni ndogo."

Mwenye arusi hakuwa mtu mbaya. Aliona uso wangu, naye akaacha kucheka. "Haidhuru," akasema. "Mgeni ni mgeni. Mkalishe pale ukutani kwenye kivuli, mpewe wali." Kisha akaenda kwa wageni wake, na matari yakaanza tena.

Tukakaa kwenye mkeka. Ukuta wa matete ulikuwa nyuma yetu, na nyuma ya ukuta palikuwa na msikiti wao mdogo, wa matete vilevile. Tukaletewa wali katika sinia. Babu hakuwahi kula wali. Aliuonja punje chache chache.

"Ndiyo nazi hii?"

"Hapana, babu. Huku nazi haifiki."

"Basi wali huu hauna nazi."

"Hauna."

Akatafuna, akafikiri. "Ndiyo maana wakatuita," akasema.

Nilianza kuitunga ile sentensi moyoni: Babu, nilikosea, hawakukuita wewe. Niliipanga vizuri kama ninavyopanga herufi, lakini kila ilipofika ulimini matari yaliifunika. Na tazama jambo hili la ajabu. Matari yaleyale niliyoyapenda, yaliyokuwa yakinijaza kifua kando ya gunia la chumvi, siku ile niliyachukia. Hayakuwa yamebadilika. Waliyapiga vizuri kuliko siku zote. Nilitamani yapasuke.

"Watatuita lini?" babu akauliza.

"Bado kidogo."

"Ikulu pia tulingoja," akasema, na akaweka kiganja chake juu ya nyuzi kama mtu anayemtuliza mtoto.

Shangazi yangu alikuwapo pia. Wanawake wa jirani walikuwa wameitwa kumenya ndizi kwa ajili ya wageni wa kwetu, na yeye alikaa nao kwenye majani upande wa pili wa ua. Alituona. Alimtazama baba yake, akaitazama enanga, akarudia ndizi zake.

Jua likainama. Mtu mmoja akasimama kando ya msikiti akaadhini, ni wakati wa alasiri.

Matari yakalazwa chini. Yalilazwa kwa uangalifu, moja moja, ngozi ikitazama juu. Zumari ikawekwa juu ya kitambaa. Wanaume wakaenda kwenye mabirika kutawadha, wakapita kando yetu wakaingia msikitini. Wanawake wao wakaingia ndani ya nyumba. Waliobaki uani walikuwa watu wa kwetu tu, wachukuzi wa ndizi, wazee wawili waliokaa kwenye gogo, watoto kadhaa. Na kwa kuwa wenyeji wamenyamaza, nao wakanyamaza.

Sijasikia ua wenye watu wengi kiasi kile ukiwa kimya namna ile. Nilisikia majani ya mgomba yakigusana. Nilisikia kuku akikwaruza.

Babu alikuwa ameketi wima. Uso wake ulikuwa umefunguka.

"Wamelaza ngoma," akasema kwa sauti ya chini. "Mjukuu wangu, watu hawa wana adabu. Sikujua."

Akaivuta enanga magotini.

Mimi nilijua walichonyamazia. Nyuma ya matete, hatua tatu kutoka mgongo wake, niliwasikia wakiinuka na kuinama pamoja. Kuipiga enanga wakati wa sala, nyumbani kwa mwenye arusi, ni kumtukana. Wajibu wangu ulikuwa kuweka mkono wangu juu ya zile nyuzi. Na nikiuweka, nilijua pia, enanga itatundikwa juu ya moshi na haitashuka.

Niliinua mkono. Ulifika kwenye mbugu. Ulikaa hapo.

Akaanza.

Alianza na ng'ombe mmoja mweupe mwenye doa jeusi begani, aliyekuwa akilitangulia kundi kwenda mtoni. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Siku ile niliusikia mara ya kwanza. Sijui kueleza vizuri. Zamani nilisikia milio tu, na milio ni midogo kweli. Pale uani nilisikia na kilicho kati ya mlio na mlio. Babu aligusa uzi akauacha, na katika ule muda wa kuuacha, ng'ombe aliinua mguu. Akagusa tena, mguu ukashuka. Hakuwa na haraka. Nikaona pembe zikipita juu ya nyasi kabla ya kumwona mwenyewe. Nikaona wa nyuma yake, wengi, na vumbi lao, nami niliyezaliwa wakati hawapo nikajua kwamba mlima huu tuliokaa ulikuwa umejaa, na kwamba mimi naishi mahali patupu bila kujua kuwa ni patupu. Niliogopa, na sikutaka woga ule uishe.

Wazee wawili kwenye gogo waliweka fimbo zao chini. Mchukuzi mmoja aliyekuwa na mkungu kichwani alisimama nao vivyo hivyo, hakuutua.

Nikamtazama shangazi. Hakukimbia. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya ndizi. Babu alipofika mahali ambapo ng'ombe anageuka kuangalia kama ndama anakuja, shangazi alisema jina la ng'ombe yule, polepole, kama mtu anayemwita mtoto kula.

Nyuma ya matete sala ilikwisha. Niliwasikia wakitafuta viatu. Wakatoka mmoja mmoja. Nilitazama chini nikingoja kelele. Niliona miguu yao ikifika, ikisimama. Mpiga zumari akaja karibu kuliko wote, akachutama mbele ya babu. Hakumwangalia usoni. Aliangalia vidole. Hakuna aliyeokota tari. Babu naye hakuharakisha wala hakukawiza. Wimbo ule huisha ng'ombe akishakunywa maji, na alimwacha anywe.

Alipomaliza aliniambia, "Mwambie mwenye nyumba hivi. Tangu Bweranyange hakuna mtu aliyelaza ngoma kwa ajili yangu. Leo yeye amezilaza. Nashukuru."

Nikayatafsiri maneno yale kama yalivyo. Mwenye arusi alikuwa amesimama mlangoni mwa ua, ndevu zake bado zina maji ya udhu.

"Mwambie hatukuzilaza kwa ajili yake," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesahihisha mizani. "Tulikuwa katika sala. Mwambie."

Watu wote walinitazama. Mimi ndiye niliyekwenda dukani mara tatu kwa sindano moja. Nikamgeukia babu nikasema kwa Kinyambo, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye gogo, "Anasema ndiyo desturi ya nyumba yake. Mpigaji mkubwa akishika enanga, ngoma hulazwa chini."

Wazee wa kwetu walikuwa wamenielewa, na huenda walijua kweli ya jambo lile. Mwenye arusi alinitazama. Kisha akamkaribia babu, akainama, akasema kwa Kinyambo kizima, chenye heshima zake zote, kisicho cha dukani hata kidogo:

"Ndivyo, mzee. Ndiyo desturi yetu."



Mpiga zumari alikuwa bado amechutama. "Rakaa ya mwisho sijui niliisalije," akaniambia. "Mungu anisamehe."

"Uliipenda?" nikamwuliza. Ni swali la kwanza nililowahi kumwuliza mtu mgeni kwa hiari yangu.

Akafikiri. "Sikuipenda," akasema. "Sauti yetu sisi ni ya njia. Tukiwa na bibi arusi njiani, ikikatika, watu wanatawanyika. Yake inakatika kila mara, inasimama inakungoja. Mimi siwezi kungojwa, nasikia vibaya." Akanyoosha kidole kuelekea mkono wa kushoto wa babu. "Lakini mwambie apige tena. Nataka kuona mkono ule unafanya nini."

Nikamwambia babu. Babu akamtazama yule mtu kwa mara ya kwanza, mashavu yake, kifua chake chembamba.

"Mwambie mbuzi wake ana mapafu makubwa," akasema. "Simpendi. Lakini sijui anayaweka wapi."

Hayo niliyatafsiri neno kwa neno, na mpiga zumari alicheka mpaka akakaa chini kabisa. Babu akapiga tena. Baadaye zumari nayo ikapigwa, na babu aliisikiliza yote, mikono juu ya magoti, uso umekunjamana kama mtu anayekunywa dawa, asitoe jicho lake kwenye yale mashavu.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Babu alikufa akiichukia zumari. Lakini kila mmoja alimwona mwenzake anafanya kitu ambacho yeye hakiwezi, na hilo lilimfikia hata pale ambapo sauti yenyewe haikumfikia. Nadhani sikio hulelewa kama mtoto. La mpiga zumari lililelewa barabarani, katikati ya watu wengi, na linataka kushikwa mkono lisipotee. La babu lililelewa ndani ya nyumba ya nyasi, mahali ambapo mtu mmoja akikohoa anatoka. Langu mimi sijui lililelewa wapi. Pengine lilikuwa bado halijazaliwa.

Miezi kadhaa ikapita ndipo nilipothubutu kwenda dukani tena. Nilisimama kando ya gunia. Yule bwana alikuwa akikunja kaniki.

"Mbu wako hajambo?"

"Hajambo, bwana."

"Bado anaumwa homa?"

"Bado kidogo."

Akainama chini ya meza akatoa kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kaniki. Ndani mlikuwa na kano za ng'ombe, ndefu, zilizosafishwa na kukaushwa vizuri. Yeye alinunua ngozi kila mahali, alijua nani amechinja.

"Mpelekee. Mbu asipokula atakufa."

Nikazishika. Nikakusanya nguvu zangu zote. "Bwana, siku ile. Ulinielewa nilivyosema?"

"Miaka yote hii niko huku," akasema. "Mtu akionekana hajui lugha husikia mengi." Akaendelea kukunja. "Uliongopa mbele ya wageni wangu. Nami nikaongopa udhu haujanikauka. Tusirudie."

"Ndiyo, bwana."

"Na bado ni mbu."

"Ndiyo, bwana."

Babu alizisokota kano zile akazifunga. Enanga haikutundikwa juu ya moshi. Aliipiga nyumbani, akaipiga kwa majirani, akaitwa mpaka Kimuli, na alipiga mpaka vidole vilipokataa, kama alivyosema. Kila mgeni alisimuliwa jinsi watu wa Pwani wanavyolaza ngoma zao chini mpiga enanga anapoketi. Alieleza walivyozilaza moja moja, ngozi ikitazama juu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, sikusahihisha.

Sasa amelala migombani kwake, na ninaweza kuandika. Enanga ninayo mimi. Najifunza polepole, maana mkono wangu ni mzito hapo pia, na ng'ombe mweupe bado ananikwepa. Kwangu hufika nusu ya njia akasimama. Shangazi anapokuja hukaa mlangoni, mahali ambapo husikika nusu. Haendi tena kukata majani.

Juzi mzee mmoja wa Nyakatuntu aliniuliza kama yale aliyoyasema babu ni kweli, kwamba watu wale, wenye kelele zile, walinyamaza wakalaza ngoma kwa ajili ya enanga.

"Nilikuwepo," nikamjibu. "Zililazwa chini."